Chipu moja, wasimamizi watatu: viraka vipitie kwa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Ngamiani, Tanga. Tunaunda bodi ya kusimamia betri za sola za majokofu ya samaki kule Sahare. Chipu yake inadhibiti umeme na pia inapima volti. Nimeandika draiva tatu (programu zinazoiwezesha kerneli, yaani kiini cha Linux, kuendesha chipu): ya msingi, ya kudhibiti umeme na ya kupima. Kila kiraka (badiliko la msimbo) nimekituma kwa msimamizi wa kitengo chake ndani ya kerneli. Mmoja kasema faili ya heda (yenye majina ambayo faili nyingine huyatumia) haipo, wa pili anamsubiri mwenzake, wa tatu kimya. Nani aanze?

JIBU: Marahaba, fundi. Hapo hakuna aliyekukatalia. Kila mmoja ameona kipande tu. Draiva ya umeme inatumia majina ya rejista (nafasi ndani ya chipu ambazo draiva husoma na kuandika) yaliyomo kwenye heda ya draiva ya msingi, na heda hiyo msimamizi wa umeme hana. Akikipokea kiraka chako peke yake, kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, kunagoma. Kila kiraka lazima kikompailike pale kilipo kwenye mfululizo, maana anayesaka hitilafu kwa git bisect (zana inayopima hatua za katikati hadi kupata badiliko lililoileta) anaweza kutua juu ya chochote.

Viunganishe viwe mfululizo mmoja: kwanza maelezo ya devicetree (yanayoieleza kerneli vifaa vilivyomo kwenye bodi), halafu draiva ya msingi (kitengo cha MFD, cha chipu zenye kazi zaidi ya moja), kisha zile mbili. Endesha get_maintainer.pl (skripti inayotaja wasimamizi wa kiraka), tuma vyote kwa wote kama v2, yaani toleo la pili, na juu yake weka barua ya utangulizi. Ndani ya barua hiyo taja wazi unapendekeza mfululizo upitie mti wa nani, yaani hazina ya msimbo ya msimamizi yupi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na wasimamizi hubaki wakingojeana.

Kwako wewe ningependekeza MFD, kwa kuwa ndiyo inayobeba zingine. Wasimamizi wa umeme na vipimo wakiridhika watatoa Acked-by (alama ya kukubali), naye wa MFD atachukua vyote. Wenzake wakivihitaji kwao, ataviweka kwenye tawi la mti wake ambalo halitabadilishwa tena, nao watalivuta hilo hilo. Hapo git, programu inayotunza msimbo, inatambua kuwa ni komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zile zile, na Linus Torvalds, mkuu wa kerneli, akiunganisha miti hakuna mgongano. Kiraka kilekile kikinakiliwa kwenye miti miwili huwa komiti mbili tofauti, na mara nyingi vurugu huonekana mapema kwenye linux-next, mti wa kujaribu kuunganisha miti yote.

Lakini kabla ya yote hayo, itazame tena heda yako. Rejista zinazotumiwa na draiva ya umeme pekee zihamishie kwenye faili yake. Kama kinachobaki ni mstari wa "depends on" ndani ya Kconfig (faili ya kuchagua sehemu za kerneli), utegemezi umekwisha: draiva ya msingi isipokuwepo, hii haichaguliki, na hakuna kinachoharibika. Kila msimamizi atapokea chake kwa wakati wake. Mimi njia hii naipenda zaidi.

Kuhusu muda, kerneli mpya hutoka kila wiki 9 au 10, na wiki 2 za mwanzo ni za kuunganisha miti. Subiri rc1, toleo la kwanza la majaribio baada ya wiki hizo, itoke ndipo utume. Baadaye ngoja angalau wiki 1 kabla ya kukumbusha, na ukumbushe kwa kujibu barua ileile, wote wakiwa wamenakiliwa.

Yule aliye kimya, hakiki anwani yake kwenye faili ya MAINTAINERS ya kerneli ya sasa. Wengi huichukua juu ya faili ya msimbo, palipoandikwa mtunzi wa zamani, na barua haimfikii anayeshika kitengo leo.