Cc 1000 au 1500?

Ndugu, umeuliza uchukue gari la cc 1000 au la cc 1500 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), na hofu yako ni mafuta. Usiangalie cc peke yake, tazama na uzito wa gari. Injini ndogo kwenye gari jepesi, watu wawili, foleni za mjini: hapo kweli inakula kidogo. Ila ukijaza abiria watano na mizigo, ukawasha AC, ukakutana na mlima, utaikanyaga muda wote na ule unafuu unayeyuka. Kulipita lori nako ni kazi. Kwa kuwa umesema unasafiri na familia kila mwezi, mimi ningechukua 1500. Yenye turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, ni habari nyingine. Hapo hata cc 1000 huvuta vizuri, mradi usicheleweshe kubadilisha oili.