Kabla Hujahamia Kwenye Boti Jijini London

Watu wa kwetu Lamu wakisikia kwamba niliishi miaka minne ndani ya boti jijini London, wengine hudhani nilikuwa baharia na wengine hudhani nilifilisika. Ukweli ni kwamba nilichoka kumpa mwenye nyumba zaidi ya nusu ya mshahara wangu kwa chumba kimoja, nikanunua boti ya chuma yenye upana unaozidi mita mbili kidogo tu, ya umbo lile lile lililobuniwa zamani kwa ajili ya mifereji ya kusafirishia makaa ya mawe na mizigo. Siku hizi wenzangu huniuliza kama nao wafanye hivyo, nami huwauliza kwanza wana muda kiasi gani.

Kwa maana kodi niliyoikwepa niliilipa kwa saa. Mwenye boti isiyo na maegesho ya kudumu hukata leseni kwa shirika linalosimamia mifereji, Canal & River Trust, na kwa sheria ya mwaka 1995 haruhusiwi, kwa kawaida, kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Sharti hilo huonekana jepesi hadi Jumamosi yako nzima iishie kwenye malango ya maji ya kupandishia na kushushia boti, ambayo unayafungua kwa mikono yako mwenyewe na kungoja maji yajae au yapungue ndipo upite, kisha uanze kutafuta pa kufunga kamba mahali ambapo boti zimekwishapangana mbili mbili, ubavu kwa ubavu. Jumatatu unakwenda kazini kwa basi usilolizoea. Mwenye watoto wa shule alipime jambo hili sana. Maegesho ya kudumu yapo, lakini ni adimu, na bei yake yaweza kumrudisha mtu karibu na kodi aliyoikimbia.

Choo changu kilikuwa cha kisanduku, ambacho hubebwa hadi kituo cha kumwagia. Sitaeleza zaidi.

Majira ya baridi ndiyo yanayowatoa wengi majini. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, paneli za sola hazileti umeme wa maana, na inabidi injini iungurume kila siku ili betri zipate chaji. Jiko la makaa hupasha joto vizuri, ila usilale bila king'ora cha kugundua kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Mvuke wa pumzi na wa chungu nao hugeuka matone kwenye kuta za chuma. Kanzu yangu ya Idi iliota ukungu kabatini nikaitupa, na mama hajaambiwa hadi leo.

Kwetu jahazi hupwelezwa likapakwa deheni. Huku boti hutolewa majini kila baada ya miaka miwili au mitatu, ikapakwa lami chini. Kabla ya kununua, mlipe mkaguzi apime unene wa chuma. Mimi nilibana gharama hiyo, na mwaka uliofuata nikalipa mara kadhaa yake kwa fundi wa kuchomelea. Kumbuka pia kwamba boti hushuka thamani, na benki haziitolei mkopo kama wa nyumba.

Hata hivyo sijuti, kwa kuwa akiba ya miaka ile ndiyo iliyonipatia kiwanja nyumbani, na jirani wa mferejini hukupokea kamba kabla hajakujua jina, jambo ambalo sikuliona katika ghorofa yoyote niliyopanga. Ila ukiwa na nia, kodi boti kwanza kwa wiki mbili, tena mwezi Januari. Yangu niliikagua mwezi Juni, muuzaji akiwa amefungua madirisha yote.