Land Rover Series III: difu ya 4.7 uibadilishe kwa 3.54 au uiache?

Mkuu, umeuliza kama kwenye hiyo Series III fupi ya petroli unayoifufua uweke difu za 3.54 badala ya zile za 4.7 ilizotoka nazo kiwandani, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu hadi ekseli) izunguke mara 3.54 badala ya 4.7 kwa kila mzunguko wa magurudumu, ili itembee vizuri kwenye lami ya Arusha–Moshi bila injini kupiga kelele. Wengi wamekujibu "weka tu, utafurahia". Mimi nakushauri usiweke, angalau si kwa injini hiyo ya lita 2.25. Ninayo 88 (hiyo fupi, inchi 88 kati ya ekseli) ya petroli kama yako, ndiyo gari langu la kazi, na nimepanda milima sambamba na mwenzangu aliyeweka 3.54 kwenye injini ileile. Nitakueleza kwa hesabu na kwa niliyoyaona.

Kwanza hakikisha una difu gani. Haya magari yametengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 na yamepita mikono mingi, kwa hiyo maneno ya aliyekuuzia yasikutoshe. Weka kabari magurudumu ya mbele, tena kabari za maana, maana handibreki ya Series inashika propela na si magurudumu, na hapa ni lazima uiachie. Piga jeki gurudumu moja la nyuma, gia iwe huru, kisha weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha hilo tairi mizunguko miwili kamili huku mtu yuko chini anahesabu propela. Ni miwili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na hapo lililo juu linakwenda mara mbili ya difu yenyewe. Propela ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7: pinioni (gia ndogo ya difu) ina meno 10 na kraunwili (ile kubwa) 47. Ikizunguka tatu na nusu, ni 3.54, meno 13 kwa 46. Rudia mbele, na kama una frihabu (vifungio vinavyounganisha magurudumu ya mbele na shafti zake) zifunge kwanza. Mbele na nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, siku utakapoingiza four wheel kwenye ardhi ngumu kila difu itakuwa inavuta kivyake, na kitakachokatika ni shafti au meno ya transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, lenye gia za mwendo, high, na za nguvu, low).

Sasa hesabu. Gia ya nne ya Series III ni moja kwa moja, lakini transifa ikiwa kwenye high bado inapunguza kwa 1.148. Zidisha na 4.7 unapata 5.4. Ukiweka 3.54 unapata 4.06. Mwendo wa kilomita kwa saa ni RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) mara 60, mara mzingo wa tairi kwa mita, gawanya kwa hiyo jumla, halafu gawanya kwa 1,000. Tairi la 7.50-16 likiwa na uzito wa gari juu yake linatembea kama mita 2.4 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo injini ikiwa RPM 3,000, difu ya 4.7 inakupa kilomita 80 kwa saa, ya 3.54 inakupa 106. Ukiangalia namba hizo peke yake lazima utoe pesa.

Kabla hujatoa, angalia matairi. Nayo ni sehemu ya gia, na watu husahau. 88 zilikuwa zikitoka na 6.00-16, ambayo inatembea kama mita 2.2. Ukiwa nayo, RPM 3,000 ni kilomita 73 tu, na ndiyo maana mtu anasema gari "linalia". Ukivalisha 7.50 umeshaongeza mwendo kama asilimia 9 bila kufungua difu. Ni sawa na kuwa na difu ya 4.3 kwenye matairi ya zamani. Usichukue namba zangu hizi kama zilivyo. Paka chaki tairi lako, sukuma gari sakafuni mzunguko mmoja, pima kwa tepu. Matairi ya saizi moja kutoka viwanda tofauti hayafanani.

Tuje kwenye mlima, na hapa ndipo nataka unisikilize. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi, lami, kona juu ya kona. Mimi nilipanda nyuma ya huyo mwenzangu, mizigo yetu inalingana. Gari langu lilikuwa gia ya tatu, karibu kilomita 40 kwa saa, injini iko kama RPM 2,200, inavuta bila haraka. Yeye nilikuwa namsikia: kwenye kona anaingiza ya pili, injini inanguruma, akinyooka anaitupia ya tatu, inakwenda kidogo, halafu sauti inashuka, inashuka, mpaka anairudisha ya pili tena. Vivyo hivyo hadi juu. Dereva hakuwa na tatizo, na injini yake ilikuwa nzima. Gia ya tatu kwenye gari langu ni 8.1 kwa jumla. Kwenye gari lake ya tatu ni 6.1, inaikaribia ya nne yangu, na ya pili ni 9. Pale mlima ulipotaka kitu kama nane, yeye hakuwa nacho. Nafasi kati ya ya pili na ya tatu kwenye Series ilikuwa kubwa tangu mwanzo. Difu ndefu, yaani ya namba ndogo, inaihamishia nafasi hiyo mahali unapohitaji gia sana. Na gia ya nne hakuigusa mpaka tuliposhuka.

Kushuka nako kuna habari yake. Series III 88 ina breki za ngoma magurudumu yote manne. Kwa 4.7 gia ya tatu inalishika gari, unagusa breki kwenye kona tu. Kwa 3.54 ileile ya tatu inaliachia, na nilipofika chini nyuma yake harufu ya breki ilikuwa wazi. Kama umezoea gari za diski utaona ni jambo dogo. Ngoma zikishapata moto si jambo dogo.

Kisha kuna mwinuko wa huku tunakoishi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha iko kama mita 1,400. Injini ya 2.25 ina nguvu farasi 70 hivi ikiwa mpya na ikiwa usawa wa bahari. Hapa mjini unaanza na 60, na ya kwako ina miaka zaidi ya 40. Upepo nao haukuonei huruma, maana gari lenyewe ni sanduku. Kutoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, ukinzani wa hewa unaongezeka zaidi ya nusu, na nguvu ya kuushinda inakaribia mara mbili. Kwa hiyo ile 106 ya kwenye karatasi utaipata sehemu tambarare, bila mzigo, bila upepo wa mbele. Kila kilima kidogo kitakurudisha ya tatu.

Hasara nyingine ni low. Gia ya kwanza ya low na difu ya 4.7 inakupa kama 40 kwa moja, ukiweka 3.54 inashuka hadi 30. Kwenye tope au mawe utakuwa unachezea klachi mahali ambapo ulitakiwa kuondoa mguu kabisa na kuliacha gari litembee lenyewe.

Mimi nilichofanya ni kuacha 4.7, nikavalisha 7.50, na nikafunga ovadraivu ya Fairey (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini) nyuma ya transifa. Hesabu ya gia unaizidisha kwa 0.782. Kwa kilomita 80 injini inashuka kutoka 3,000 hadi kama 2,350, na ukifika kilimani unaichomoa, unarudi kwenye gia ulizozizoea. Unapata pia ngazi za kati: ya tatu ikiwa na ovadraivu ni 6.3, ambayo kwenye miinuko mirefu isiyo mikali naitumia kuliko gia yoyote. Ina masharti yake. Mafuta yake ni ya peke yake na ni kidogo, kwa hiyo yakivuja kidogo tu inaungua; angalia kila unapokagua mafuta ya injini. Usiitumie ukivuta trela au ukiwa low. Na inakaa pale pa PTO (pa kutolea nguvu ya kuendeshea mitambo), kwa hiyo kama una winchi inayoendeshwa na PTO, chagua moja.

Kuna pia gia za transifa za mwendo, ambazo zinarefusha high na kuiacha low kama ilivyo. Ni bora kuliko 3.54 kwa mtu wa porini, lakini mlima wa lami utakupa taabu ileile niliyoieleza.

Jambo la spidomita wengi hawalisemi. Kwenye Series inasomwa baada ya transifa, kabla ya difu. Ovadraivu au gia za transifa haziidanganyi. Difu inaidanganya: ukibadilisha kwenda 3.54, mshale ukiwa 50 wewe uko 66, na kwenye kibao cha 50 jamaa wa tochi hawatasikiliza habari za pinioni. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo utaona gari linakula mafuta kuliko kweli na utachelewa kumwaga oili.

3.54 ina mahali pake. Ukija kuweka injini ya dizeli ya 200Tdi, ambayo nguvu yake ya kuvuta ni Nm 265 dhidi ya 160 na kidogo ya petroli yako, na turbo yake inafidia mwinuko, hapo 4.7 inakuwa fupi mno na 3.54 inakaa sawa kabisa. Giaboksi ya Series haikutengenezewa nguvu hiyo, kwa hiyo kanyaga kwa adabu. Vichwa vya difu utavipata kwenye Range Rover za zamani, Discovery ya kwanza na Defender 90. Chukua kichwa kizima, usinunue kraunwili na pinioni zilizotenganishwa, kwa sababu kuzipanga upya kunahitaji vipimo ambavyo gereji nyingi hazina. Ingiza kidole kwenye mafuta yake: ukiona chenga za chuma, achana nacho. Hesabu mikato (meno ya ndani) ya mahali shafti inapoingia. 10 inakubali shafti zako, 24 ni ya magari ya baadaye na haiingii. Na hii ni kwa wenye 109, ile ndefu: ekseli yenu ya nyuma ya Salisbury ni kitu kingine, hicho kichwa hakiingii huko.

Ukiona pea nzuri ya 3.54 kwa bei ya kueleweka leo, inunue, ipake grisi, ifunge kwenye nailoni uiweke juu ya kabati. Pesa ya kazi ya sasa ipeleke kwenye matairi, sili za ekseli na ngoma za breki, halafu anza kuitafuta ovadraivu.