Mzee Akivunjika Msimnyang'anye Jiko: Maswali na Majibu

Mama yangu ana miaka 74. Alivunjika shingo ya paja, akapasuliwa na kuwekewa chuma. Yuko nyumbani wiki ya nne sasa. Kila alfajiri anataka ainuke abandike chai mwenyewe. Tukimwambia apumzike anatugombeza. Tumweleweshe vipi? (Tanga)

Wa kueleweshwa ni nyinyi. Mama aliwekewa chuma ili ainuke. Wodini mgonjwa wa aina yake husimamishwa kesho yake baada ya upasuaji, maumivu na yote. Nyinyi mmemrudisha kitandani, mnampelekea chai kwenye sinia kama mgeni wa harusi, na mnajihesabu mnamtunza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wazee wenye afya njema waliolazwa siku 10 tu: walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Hao hawakuvunjika kitu. Mama yenu yuko wiki ya nne.

Kulala mchana kutwa ndiko kunakoleta vidonda vya makalioni, damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na homa ya mapafu. Wazee wengi wanaofariki baada ya kuvunjika nyonga huondoka kwa mambo hayo, mfupa wenyewe ukiwa umeshatulia.

Muulizeni daktari aliyempasua: anaruhusiwa kuukanyagia mguu kiasi gani? Akishajibu, mrudishieni mama jiko lake. Liwekwe juu ya meza imara asiiname. Majani na sukari vikae usawa wa kiuno, kiti chenye mikono kiwe jirani, na mtu awepo bila kumshikashika. Maji yawe ya kikombe kimoja, asinyanyue sufuria zito. Safari ya kitanda hadi jikoni ni zoezi zuri, na kwa hili hahitaji kubembelezwa kwa sababu chai anaitaka. Jioni mpeni ungo achambue mchele. Nimeziona nyumba ambako mzee alivuliwa kazi zote kwa heshima kubwa, kisha wanawe wakaja kushangaa mbona kazubaa, hata siku ya leo haijui. Ataijuaje, na hakuna kinachomhusu tangu Jumatatu?

Bibi katolewa hogo la mkono, kiganja kimekakamaa. Tumpeleke kwa mzee anayechua? (Mkuranga)

Swali hili haliishi, na nyote mnaouliza mnakuwa mmeshaamua kwenda. Jibu ni lile lile: hapana. Mfupa uliokaa kwenye hogo wiki sita bado ni mchanga. Ukivutwa na kusokotwa kwa nguvu unaweza kuvunjika upya. Wanaofunga vijiti na kukaza mpaka vidole vinapoteza hisia ni wabaya zaidi, kwa sababu mkono ukikosa damu hukatwa. Bibi atumbukize kiganja kwenye maji ya uvuguvugu, afumbate na kufumbua, mara kadhaa kwa siku. Kisha akamue kitambaa, amenye vitunguu, na akipata nguvu akande unga wa chapati. Maumivu kidogo ni ya kawaida. Kiganja kikivimba, kikiwa cha moto na kung'aa, mrudisheni hospitali.

Na mliofungwa hogo leo: vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni usiku huo huo.

Mkongojo unashikwa upande upi? (Nakuru)

Mkono wa upande mzima. Ngazi: kupanda, unatanguliza mguu mzima, kushuka, mbovu.

Supu ya mifupa inaunga mfupa? (Dodoma)

Haiungi. Kalsiamu yake ni ndogo mno. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa, mayai na maharage ndivyo vyakula vya mzee aliyevunjika, na aketi barazani apate jua. Kinachonishangaza ni familia inayonunua makongoro kila siku huku mgonjwa mwenyewe anakula uji mtupu kwa kuwa meno hayapo. Msagieni maharage.

Baba ana presha. Duka la dawa wamempa diklofenaki ya maumivu na inamtuliza. Aendelee? (Morogoro)

Hapana. Inapandisha presha, inachubua tumbo na kuumiza figo. Amwone daktari ampangie nyingine.

Babu aliwekewa nyonga ya bandia mwezi uliopita. Anaona haya kuswali kwenye kiti mbele ya wenzake, anataka kusujudu. (Pemba)

Mimi si shehe, lakini hadithi ya Imran bin Huswayn anaijua kuliko mimi: swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Kiafya, kuinama sana miezi hii ya mwanzo kunaweza kuichomoa nyonga. Kwa hiyo asisujudu chini, asikalie kibao cha mbuzi, asichuchumae chooni mpaka daktari amruhusu. Msimzuie kwenda msikitini. Ile safari na mazungumzo ya baada ya swala ni nusu ya tiba yake. Kiti kiwe kigumu chenye mikono, kisiwe cha plastiki kinachoteleza. Atawadhe amekaa.

Mama mkwe kaanguka mara ya pili mwaka huu akienda msalani usiku. Ni uzee tu? (Kigamboni)

Uzee haumsukumi mtu. Chunguzeni dawa zake: za usingizi, na zile za presha za kukojosha zinazomezwa jioni zikamwamsha usiku. Mpelekeni daktari azipitie, msizikate wenyewe. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza, kizunguzungu kikiisha ndiyo asimame. Taa iwake mpaka asubuhi. Umeme wake ni bei ndogo kuliko nyonga. Kandambili zilizolika mtupe, na kile kizulia cha mlangoni mnachokipenda pia. Macho yake yamepimwa lini? Msalani fundi afunge bomba la kushikilia ukutani, kwa skrubu ndefu. Sinki si la kushikia.