Mdogo wangu yuko Uswidi, TB imemfuataje huko?

Swali: Shikamoo daktari. Niko hapa Tanga, Mikanjuni. Mdogo wangu wa kiume yuko Uswidi, huu ni mwaka wa pili. Kama mimi, anatumia dawa za kufubaza VVU na virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Hakohoi wala hajapungua mwili. Kliniki ya huko wamempima damu, wakamwambia ana TB iliyolala na wanataka kumwanzishia dawa. Mimi hapa nilipewa vidonge vya kinga bila kupimwa damu. Nani kakosea? Na huko si wanasema TB ilikwisha? Nina vidonge vya hiyo kinga, INH (isoniazidi), vimebaki, nimtumie?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Vidonge usitume. Tena hivyo vilivyobaki vimenitia wasiwasi, maana dozi ya kinga ni ya kumaliza. Njoo navyo siku yako ya kliniki, tuhesabu pamoja.

Hakuna aliyekosea.

TB haijaisha Uswidi, ila ni ndogo. Shirika la Afya Duniani huiita nchi ya TB kidogo ile yenye wagonjwa wapya chini ya 10 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Uswidi imo humo. Sisi bado tumo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa. Lakini hesabu hiyo inakuambia uwezekano wa kuambukizwa leo, pale ulipo. Haisemi lolote kuhusu bakteria uliyemvuta miaka kumi iliyopita kwenye daladala ya kwenda Muheza, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Ndiyo maana katika nchi hizo wagonjwa wengi wa TB ni watu waliozaliwa kwingine, na hatari yao huwa kubwa zaidi miaka ya mwanzo baada ya kuhamia. Mdogo wako yumo humo humo.

Wewe umekulia pwani, unaujua moto wa makumbi. Juu jivu tupu, ukifukua chini kunawaka. TB iliyolala ndivyo ilivyo: haikohozi, haiambukizi mtu, picha ya kifua mara nyingi safi. Asiye na VVU akiwa na bakteria hao, uwezekano wa kuugua katika maisha yake yote ni kama asilimia 5 hadi 10. Mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kuifikia asilimia 10 kwa mwaka mmoja. Dawa za kufubaza hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili, na hapo mdogo wako amefanya vizuri sana. Ila haishuki hadi ikalingana na ya asiye na VVU, hata virusi visipoonekana. Theluthi iliyobaki ndiyo wanayoifuata madaktari wake.

Sasa kwa nini yeye kapimwa na wewe hukupimwa? Hapa kwetu waliokwisha kuvuta bakteria ni wengi, vipimo hivyo ni vya kutafuta, na ukisubiri jibu unachelewesha kinga. Kwa hiyo tunakuuliza mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzito, kutokwa jasho usiku. Ukiwa huna hata moja, na ini halina tatizo, unaanza. Kule waliovuta ni wachache, wakimpa kila mtu watawapa wengi dawa wasizohitaji, na INH si peremende: huweza kuumiza ini, hasa kwa mnywaji, na kuleta ganzi miguuni, ndiyo maana huambatana na vitamini B6. Kwa hiyo wanapima kwanza. Kipimo cha damu kina faida nyingine, hakidanganywi na BCG, chanjo ya TB tuliyochanjwa begani utotoni, tofauti na kile cha kuchoma sindano chini ya ngozi ya mkono. Udhaifu wake ni kwamba CD4, zile chembe za kinga mwilini, zikiwa chini sana kinaweza kusema hakuna na kumbe wapo. Pia hakitofautishi TB iliyolala na iliyoamka. Hivyo kabla hajameza kidonge cha kwanza, ahakikishe amepigwa picha ya kifua na ameulizwa yale manne.

Jambo moja alisisitize kwa daktari wake: ataje dawa zake za VVU kwa majina. Kama anatumia dolutegravir na wakamchagulia kinga yenye rifampisini, dawa nyingine ya TB, dolutegravir inabidi imezwe mara mbili kwa siku, la sivyo kiwango chake mwilini hushuka na virusi hupata mwanya. INH peke yake haina shida hiyo.

Akimaliza dozi huko, kinga yake itadumu kuliko yako, kwa kuwa si rahisi avute bakteria wapya. Wewe na mimi tunaweza kuvuta wengine wiki ijayo. Naye pia, akija likizo ya Idi akalala wiki tatu chumba kimoja na ndugu anayekohoa. Ikitokea hivyo, akirudi awaambie kliniki, asingoje waulize.