Maswali ya Wasomaji: Alama za Kazi Mradi Zitolewe kwa Kipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Niliwaagiza wanafunzi wangu 72 wa Kidato cha Pili watengeneze kielelezo cha ua. Baadhi walileta vielelezo vya kupendeza ambavyo ni dhahiri vilitengenezwa na kaka zao au na mafundi, ilhali waliofinyanga udongo wenyewe walileta kazi isiyovutia. Mkuu wangu wa idara anaona tunapoteza muda, kwa kuwa mtihani wa taifa ni wa maandishi. Je, nirudi kwenye majaribio ya darasani tu?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Kazi mradi usiziache, ila badilisha unachowaagiza na unachokipa alama. Kielelezo cha ua hutengenezwa nyumbani kwa usiku mmoja, na yeyote mwenye mkono mwepesi anaweza kukikamilisha. Wape swali ambalo jibu lake halimo kitabuni na ambalo litawachukua majuma kadhaa kulifuatilia.

Huko Tandahimba swali hilo mnalo nje ya dirisha. Muhula wa pili huanza Julai, wakati mikorosho inachanua na ubwiri unga unashambulia maua. Ugonjwa huo husababishwa na kuvu, na salfa huuzuia usienee. Kila kundi la wanafunzi sita lichague mkorosho uliopuliziwa na mwenye shamba na mwingine usiopuliziwa, lifunge uzi kwenye mashada kumi ya maua katika kila mti, kisha kila juma lihesabu mashada yenye unga mweupe na kuandika daftarini. Kupulizia salfa si kazi ya wanafunzi. Wao wachunguze tu.

Katika alama 20, ningetoa 8 kwa daftari la uchunguzi, 6 kwa maelezo ya ana kwa ana, 4 kwa hitimisho linalotokana na hesabu zao, na 2 tu kwa unadhifu. Vigezo hivyo wavijue kabla hawajaanza. Unaposoma daftari, ukurasa ulioandikwa “mvua ilinyesha, hatukuhesabu” uuamini kuliko jedwali lililonyooka lisilo na kasoro hata moja, kwa sababu shamba halitoi takwimu zilizonyooka hivyo.

Maelezo ya ana kwa ana ndiyo yatakayokuonyesha nani alifanya kazi. Katika kila kipindi tenga dakika kumi kwa kundi moja, na makundi yako 12 yatakwisha bila kuvuruga ratiba. Muulize mmoja mmoja: kwa nini mlichagua miti iliyo karibu? Mbona juma la tatu idadi imepungua? Aliyefanyiwa kazi na mwingine hatajibu. Aidha, kwa kuwa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, mruhusu mwanafunzi ajieleze kwanza kwa Kiswahili, kisha aandike ripoti kwa Kiingereza. Nasikitika sana kuona mtoto anayejua jambo akihesabiwa hajui kwa sababu ya lugha.

Kuhusu hoja ya mkuu wa idara, mkumbushe kwa heshima kwamba mtihani wa Biolojia wa Kidato cha Nne una karatasi ya vitendo pia, na mwanafunzi aliyezoea kuchunguza na kuandika anachokiona hataikuta ngeni. Tena, tangu Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka na kueleza mambo kwa muda uliowekwa, lakini haifanikiwi kila mara kupima uwezo wa kufikiri.

SWALI: Mwanangu wa Darasa la Tano hapa Lindi mjini ameagizwa manila, rangi na gundi kwa ajili ya kazi mradi, nami sina fedha. Je, nikope?

JIBU: Usikope, ndugu yangu. Nenda kamwone mwalimu wa darasa umweleze hali yako, na umwombe mtoto atumie maboksi, udongo, makuti au vifuu vya nazi. Kama mwalimu anatoa alama kwa ubora wa karatasi, mwombe pia akueleze vigezo anavyotumia. Ni haki ya mzazi kuvijua.