Maabara wameandika "haikuonekana": waulizeni kwanza walitafuta hadi wapi

Mkuu, nimekuelewa hivi: mmechota maji ya mto chini ya mtambo wa majitaka, maabara wakaandika estrojeni, yaani homoni za kike na kemikali zinazoziigiza, "haikuonekana", na wenzako wanataka suala lifungwe. Kazi yangu ni hizi hizi sampuli, kuanzia mtoni mpaka kwenye mashine. Msifunge bado. Waulizeni kipimo chao kinaishia wapi kwa chini.

Hapo ndipo penye utata. Etinilestradioli, homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, Ulaya ilipendekezewa kikomo cha nanogramu 0.035 kwa lita mwaka 2012. Kama mashine yao inaishia nanogramu 1, homoni inaweza kuwepo mara ishirini ya kikomo hicho na cheti kikasoma vilevile. Na madhara yake yameonekana. Kanada watafiti waliitia kwenye ziwa la majaribio kuanzia 2001, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, kwa miaka mitatu. Samaki madume wakaanza kutengeneza vitelojenini, protini ya kiini cha yai ambayo kwa kawaida ni ya majike, na jamii moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani.

Halafu samaki hapokei kemikali moja moja. Kuna estradioli na estroni za binadamu na mifugo, nonilifenoli ya sabuni za viwandani, bisfenoli A ya plastiki, zote kwa mpigo. Ndiyo maana mimi huanza na kipimo cha hamira iliyopandikizwa kipokezi cha estrojeni cha binadamu, protini inayoinasa homoni hiyo: kinajumlisha nguvu ya mchanganyiko wote. Kikiitikia, ndipo nalipia mashine ili nijue mhusika ni nani. Kisipoitikia sishangilii, maana maji yenye sumu nyingine huua hamira na jibu likatoka safi. Damu ya samaki dume, nikiipima vitelojenini, naiamini zaidi, kwani yeye ameishi humo muda wote.

Chupa moja ya asubuhi ni picha ya dakika ile tu. Chukueni sampuli maji yakiwa yamepungua, wakati mto hauna wingi wa kuchanganyia majitaka, au acheni mtoni vifaa vya kunasa kemikali kwa wiki kadhaa.

Aliyeuliza kama sampuli zichotwe kwa chupa za maji za plastiki: hapana. Tumieni kioo cha kahawia kilichosuuzwa kwa methanoli, kwenye barafu, na kifike maabara ndani ya siku moja, la sivyo bakteria watakula homoni njiani. Kila safari bebeni pia chupa ya maji safi ya maabara, ifunguliwe pale pale mtoni na kupimwa pamoja na nyingine. Ikitoka na bisfenoli A, uchafu ni wenu. Na mchotaji asipake losheni ya jua. Baadhi ya viambato vyake navyo huigiza estrojeni.